Mafuta Ndani ya Unga

Mwezi uliopita nilimaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika fasihi, na kwa kuwa watu wengi wa nyumbani hapa Moshi wameniuliza, kwa nia njema kabisa, ni kitu gani hasa ninachosoma, nimeona niandike jibu refu kuliko lile ninalolitoa nje ya kanisa au kwenye foleni ya benki. Huwa ninasema kwamba ninasoma fasihi linganishi. Mtu huitikia kwa kichwa, hunyamaza kidogo, kisha huuliza, "Kwa hiyo mnalinganisha nini na nini?" Swali hilo ni zito kuliko wanavyodhani wanaoliuliza, na ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba niliingia darasani nikiwa na jibu lisilo sahihi.

Niliamini kwamba kulinganisha ni kutafuta mfanano. Kabla ya kurudi chuoni nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka sita, na huko tuliwazoeza wanafunzi kuchora jedwali lenye safu mbili, riwaya hii huku na tamthilia ile kule, kisha kulijaza: dhamira zinazofanana, wahusika wanaofanana, tamathali zinazofanana, na chini kabisa mistari michache ya tofauti ili jibu lisionekane limepungua. Jedwali hilo huleta alama, nami sijutii kulifundisha, lakini humwacha msomaji palepale alipokuwa. Anaondoka akijua kwamba vitabu viwili vinazungumzia usaliti, jambo ambalo angeweza kulikisia bila kufungua hata kimoja.

Kilichonitikisa kwanza ni kipindi kimoja cha muhula wa kwanza ambapo mhadhiri wetu alitumia saa mbili kamili juu ya maneno matatu tu: Mabepari wa Venisi. Tafsiri hiyo ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1969, miaka sita baada ya tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, ile ya Julius Caesar. Mhadhiri alianza na swali dogo: katika jina la Kiingereza, The Merchant of Venice, huyo mfanyabiashara wa Venisi ni mmoja au ni wengi? Ni mmoja. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi. Kisha akatutaka tulitazame neno lenyewe. Bepari ni neno lililotufikia kutoka India, ambako maana yake ni mfanyabiashara tu, asiye na kosa lolote, na katika Kiswahili cha zamani lilibeba maana hiyohiyo. Lakini kufikia mwaka 1969 Azimio la ujamaa lilikuwa na umri wa miaka miwili, nalo lilikuwa limetangazwa hapo Arusha, kilomita zipatazo 80 kutoka darasa tulimokaa, na sidhani kama alikuwapo msikilizaji wa redio aliyeweza kulisikia neno bepari bila kumwona mnyonyaji mbele ya macho yake.

Tulibishana sana siku ile. Wenzangu wengine walisema mtafsiri ameipotosha tamthilia kwa ajili ya siasa, wengine wakasema amekuwa mwaminifu kuliko tunavyodhani, kwa sababu neno alilolichagua ni tafsiri sahihi kwa maana yake ya zamani na hukumu kali kwa maana yake mpya, na maana zote mbili zimekaa ndani yake bila kugombana. Mimi niliguswa zaidi na ule wingi. Kwa Kiingereza jina la tamthilia linamhusu Antonio, mwenye meli, na Shylock mkopeshaji anabaki nje ya jina hilo, peke yake na kisu chake. Kwa Kiswahili wote wawili wanasimamishwa kwenye kizimba kimoja: anayekopesha kwa riba na anayekopa ili meli zake zimletee faida. Kiambishi kimoja tu, ma-, kimegawanya lawama upya. Jedwali langu la safu mbili lisingeweza kamwe kuliona jambo hilo, maana lilikuwa likitafuta mahali ambapo matini mbili zinakubaliana, ilhali maana ilikuwa imelala pale zinapoachana.

Historia ya taaluma yenyewe tulisomeshwa haraka, nami nitaipita haraka pia. Mwezi Januari mwaka 1827, mjini Weimar, mzee Goethe, mshairi wa Kijerumani, akiwa na umri wa miaka 77 alimweleza karani wake Eckermann kwamba alikuwa akisoma riwaya ya Kichina na kushangaa jinsi watu wa humo walivyowaza na kuhisi kama wao, kisha akasema kwamba wakati wa fasihi ya dunia umewadia. Baadaye wataalamu wa Ufaransa wakaifanya kazi ya kulinganisha kuwa utafutaji wa athari: mwandishi huyu alimsoma nani, kwa lugha gani, mwaka gani, na ushahidi uko wapi. Mwaka 1958 René Wellek, mtaalamu aliyekuwa akifundisha Marekani, aliusema vikali mtindo huo, akiufananisha na kuhesabu biashara ya nje kati ya fasihi za mataifa, na tangu hapo mlango ukafunguka wa kulinganisha hata kazi ambazo hazijawahi kukutana.

Kwa sisi wa Kiswahili mvutano huo una uzito wake. Pwani ina ushahidi wa athari kwa wingi: Hamziya ni shairi la Kiarabu la al-Busiri lililotiwa Kiswahili karne nyingi zilizopita, na tendi zetu kadhaa kongwe zinasimulia vita vya Waislamu wa mwanzo. Anayetaka kufuatilia nani alisoma nini atapata hati za mkono, majina na miji. Lakini mimi natoka mlimani. Hadithi nilizokuzwa nazo hazikupita kwenye karatasi yoyote hadi wamisionari wa Kijerumani wa Kilutheri walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kuziandika. Kwa kanuni ya zamani ya Wafaransa, hadithi hizo hazina cha kulinganishwa nacho, kwa kuwa hakuna anayeweza kuonyesha zilimsoma nani.

Hapo ndipo nilipokwama, na kukwama kwenyewe nitakueleza kwa sababu najua wapo wengine wanaopita njia hiyo. Katika vyuo vyetu kila pendekezo la utafiti lazima liwe na sehemu inayoitwa kiunzi cha nadharia. Mwanafunzi hutakiwa ataje nadharia moja au mbili, aeleze mwasisi wake, mihimili yake na sababu za kuiteua, na mara nyingi hufanya hivyo kabla hajaisoma matini yake mara ya pili. Nimewaona wenzangu wakichagua kati ya umuundo, udenguzi, ufeministi na mwingilianomatini kama mtu anayechagua koti la mtumba pale Memorial asubuhi ya baridi: linalopatikana, lenye vifungo vyote, ambalo fundi atalipunguza baadaye. Koti hununuliwa kwanza, na mwili wa kulivaa hutafutwa baadaye. Sisemi hivi kwa kuidharau nadharia, kwa maana nimekuja kuipenda kuliko nilivyotarajia. Ninasema kwamba nadharia iliyoteuliwa kabla ya kusoma haiwezi kukushangaza, na isipokushangaza haijakusaidia chochote.

Nilipendekeza kulinganisha hadithi ya Kichagga ya Murile na simulizi la Kigiriki la Prometheus, aliyewaibia miungu moto na kuwapa binadamu. Mwalimu wa kwanza niliyempelekea pendekezo, ambaye sitamtaja wala kutaja mahali, alilisoma mbele yangu, akalifunga, akaniambia kwamba hadithi za Kichagga ni mambo ya mila na desturi, zinawafaa wanaanthropolojia, na kwamba nikitaka kumaliza kwa wakati nichague riwaya mbili zenye hadhi. Nilitoka ofisini kwake nikiwa na uchungu ambao sikuweza kuupa jina kwa siku kadhaa. Kisha nikakumbuka kwamba tulikuwa tumesoma, wiki chache tu kabla ya hapo, waraka wa mwaka 1968 ambamo wahadhiri watatu mjini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walidai Idara ya Kiingereza ifutwe ili fasihi ya Afrika, ikiwemo ile ya masimulizi, iwe kitovu na fasihi nyingine zitazamwe kutoka hapo. Tulikuwa tumesoma pia kwamba mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam, na fasihi ya Kiswahili ikafundishwa kwa Kiswahili chenyewe. Tuliyashangilia hayo yote. Na sasa mwalimu wa Kiswahili alikuwa akiniambia, kwa Kiswahili fasaha, maneno ambayo Kiswahili kiliambiwa zamani na wakubwa wake. Nililia kidogo ndani ya daladala, kisha nikabadilisha msimamizi.

Hadithi ya Murile inastahili kusimuliwa kwa urefu, maana bila hiyo yanayofuata hayana mguu wa kusimamia. Alice Werner aliiweka katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu, nami ninaifuata hapa kama ilivyo humo. Murile anakwenda na mama yake kuchimba magimbi, ambayo sisi tunayaita maduma. Anaiona mbegu moja ya gimbi, anasema kwamba ni nzuri kama mdogo wake mchanga. Anaificha kwenye tundu la mti na kuiimbia, na kesho yake imekuwa mtoto. Kila siku anampelekea mtoto huyo chakula alichopewa yeye, na yeye mwenyewe anazidi kukonda. Wadogo zake wanamfuatilia, wanagundua, wanamweleza mama, naye mama anakwenda kumuua yule mtoto wa gimbi. Murile analia, anapoulizwa anasema ni moshi wa jikoni. Anaambiwa achukue kiti cha baba akakae uani. Anakaa, anakiamuru kiti kipande juu kama mzinga wa nyuki wa baba unavyopandishwa mtini, nacho kinapaa hadi mbinguni.

Huko juu anawakuta waokota kuni, anawauliza njia ya kwenda kwa mfalme Mwezi, nao wanamtaka awaokotee kuni kwanza. Anawakuta wakata majani, kisha wakulima, kisha wachungaji, kundi baada ya kundi, mpaka anafika kwa watu wanaokula chakula kibichi kwa kuwa hawajui moto. Anawauliza watampa nini akiwapikia chakula kizuri, wanamwahidi ng'ombe na mbuzi, naye anapekecha moto kwa vijiti na kuwachomea ndizi. Anapokuwa tajiri anamtuma ndege apeleke habari nyumbani, kisha anashuka na mifugo yake. Njiani anachoka. Fahali anakubali kumbeba kwa sharti moja, kwamba asile nyama yake kamwe. Anapokewa kwa shangwe na anawaeleza wazazi wake sharti hilo. Lakini fahali anazeeka, baba anamchinja, na mama anajiuliza iwapo kweli mwanawe hataonja chochote kutoka kwa ng'ombe aliyemhangaikia kiasi kile. Anayaficha mafuta, na siku nyingine anayachanganya na unga na kumpa mwanawe. Murile anapoonja, chakula kinamsemesha kinywani. Anaanza kuzama ardhini, anamlaumu mama yake, anaendelea kuzama mpaka hayupo.

Nilipoipeleka hadithi hii kwa nadharia, nilianza na Vladimir Propp, Mrusi aliyechapisha mwaka 1928 uchambuzi wa hadithi mia moja hivi za maajabu za kwao na kuonyesha kwamba zote zinajengwa kwa kazi 31, yaani vitendo vya wahusika vinavyoisukuma hadithi mbele, zinazofuatana kwa mpangilio uleule. Nilikaa na karatasi na kalamu, nikaziweka alama moja baada ya nyingine, na nakiri kwamba nywele zilinisimama. Kuondoka nyumbani kupo. Kujaribiwa na wale watakaomsaidia kupo, tena kwa wingi, kwa waokota kuni na wote wanaofuata. Kurudi kupo. Kwa jioni nzima niliamini kwamba Mrusi ambaye nina hakika hakuwahi kukanyaga Uchagga alikuwa ameisikiliza hadithi yetu. Kisha nikafika mwisho. Kazi ya 31 ya Propp ni harusi: shujaa huoa na hukalia kiti cha enzi. Murile haoi. Kiti alikikalia mwanzoni, cha baba yake, na mwishoni ardhi inammeza mbele ya mama yake.

Msimamizi wangu mpya aliposikia hayo hakuniambia kwamba Propp amekosea, wala hakuniambia kwamba hadithi imekosea. Alisema, "Dada, mpaka hapo alipokufikisha amekusaidia. Sasa hapo alipokuachia ndipo kazi yako inapoanza." Propp alichambua hadithi za Kirusi za aina moja na hakudai zaidi. Kipimo chake kimetuonyesha kwa usahihi kabisa mahali ambapo hadithi ya Kichagga inakataa kuwa hadithi ya mtoto anayekwenda kutajirika, na mahali penyewe ni chakula. Nilirudi mwanzoni nikiwa na neno hilo moja, nikaona limetapakaa kote: magimbi, chakula anachokitoa Murile na kukonda, watu wanaokula vibichi, ndizi za kuchoma, nyama iliyokatazwa, unga wenye mafuta. Claude Lévi-Strauss aliandika mwaka 1964 kitabu kizima juu ya kibichi na kilichopikwa, akianzia kwa Wabororo wa Brazili, akionyesha jinsi watu wanavyotumia jiko kufikiri juu ya mpaka kati ya mwitu na nyumbani. Nilikisoma polepole, kurasa kumi kwa siku, na si yote niliyoikubali, lakini kilinifundisha kutoudharau uchaguzi wa chakula ndani ya hadithi.

Jumamosi moja nikapanda Hiace ya kwenda Old Moshi, kupitia Kiboriloni, kumwona bibi yangu. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi za kiburu, vidole vimeshika weusi wa utomvu, maharage yamekwisha kuchemka pembeni. Bibi huniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, na alipoona daftari alisema, "Karibu, mke mwenzangu, leo umekuja kuniandika tena." Nilimwomba anisimulie Murile. Alisimulia huku anamenya, nusu kwa Kichagga nusu kwa Kiswahili, na nilishangaa kuona kwamba sehemu ya moto, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa kiini cha utafiti, aliipita kwa sentensi moja. Alipomaliza nilimuuliza kuhusu moto. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kuhusu maji.

"Moto? Moto si alitoka nao kwao?"

"Lakini bibi, ndio aliowapelekea watu wa Mwezi, ndio uliompa ng'ombe."

"Aliwapelekea kitu ambacho huku kila mama anacho jikoni. Sasa hapo ajabu iko wapi? Ajabu ni mama yule. Anamwona mtoto wake anakonda, haulizi chakula kinakwenda wapi."

Niliacha kuandika. Nilikuwa nimeisoma hadithi ile zaidi ya mara ishirini, nikiwa nimejizatiti kwa Kiingereza cha Werner na uchambuzi wa Propp, na sikuwa nimeliona jambo lililokuwa wazi kwa mwanamke aliyeshika ndizi mkononi. Katika simulizi la Wagiriki moto ni mali ya miungu, uko juu, nao unashushwa kwa wizi ili uwafikie binadamu. Katika hadithi yetu moto uko chini, ni wa kawaida, uko katikati ya mafiga matatu ya kila nyumba ya kihamba, nao unapandishwa juu na kuuzwa kwa bei iliyokubaliwa. Mwelekeo umegeuka wote. Huko ni wizi na adhabu, huku ni biashara na malipo, na hakuna hata mmoja anayemwadhibu Murile kwa ajili ya moto. Kosa linatoka kwingine. Ningeendelea kujaza jedwali langu, kwenye safu zote mbili ningeandika "shujaa mleta moto", na ningepewa alama.

Usiku ule nililala kwa bibi, na kwa kuwa usingizi haukuja nilimfungua Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, kwenye simu. Prometheus nilimjua kwa ile sehemu inayosimuliwa zaidi, mnyororo, mwamba na tai anayekula ini, na sikuwa nimetilia maanani sababu ya Zeus, mkuu wa miungu, kuuficha moto tangu mwanzo. Hesiod anaieleza. Miungu na binadamu walikuwa wakigawana ng'ombe mkubwa, na Prometheus ndiye aliyegawa. Nyama nzuri aliifunika kwa tumbo la ng'ombe ili ionekane haifai, na mifupa mitupu akaifunika kwa mafuta meupe yanayong'aa, kisha akamwambia Zeus achague. Zeus aliyachukua mafuta, akaikuta mifupa, akakasirika, na kwa hasira hiyo akawanyima binadamu moto. Wizi wa moto ulikuja baadaye, ndani ya bua lenye uwazi, na baada ya wizi ikaja adhabu, na sehemu ya adhabu hiyo, kwa mujibu wa Hesiod, ni kuumbwa kwa mwanamke.

Niliketi kitandani gizani. Mafuta yalikuwapo pande zote mbili. Nilikuwa nimelinganisha moto na moto kwa miezi minne, na kumbe kilichokuwa kikizungumza chini ya hadithi zote mbili kilikuwa mgawo wa ng'ombe na udanganyifu wa mafuta. Hata hapo nilijizuia nisishangilie mfanano. Kwa Wagiriki mafuta yanafunika mifupa, kizuri kinakificha kisichofaa, na anayedanganya anakusudia kumpunja mwenzake. Kwa Wachagga unga unayafunika mafuta, cha kila siku kinakificha kilicho kitamu, na anayedanganya anakusudia kulisha. Kule udanganyifu unakuja kabla ya moto na ndio unaouleta. Huku unakuja baada ya moto na ndio unaoharibu kila kilichopatikana kwa moto huo. Sidai kwamba hadithi hizi ziliwahi kukutana, na sitaandika kwamba moja ilizaa nyingine, kwa maana sina hati wala msafiri wa kunishuhudia. Ninachodai ni kwamba zikiwekwa pamoja kila moja inaifanya nyenzake isomwe tena, na hilo ndilo jibu ninalotaka kuwapa wanaoniuliza tunalinganisha nini na nini.

Kwa upande wa nadharia, usiku huo pia ndipo nilipouelewa ufeministi, ambao muhula wa kwanza niliuona kama koti la watu wengine. Hadithi zote mbili zinaiweka lawama ya mwisho kwa mwanamke: kule anaumbwa ili awe adhabu, huku anasababisha mwanawe kuzama. Lakini matini ya Kichagga inampa mama sababu. Mara ya kwanza anaua kwa kuwa mwanawe anapungua. Mara ya pili anavunja sharti kwa kuwa hawezi kuvumilia mwanawe akose. Mara zote mbili anamlisha bila kumuuliza. Bibi hakuwahi kulisikia neno ufeministi, na sitamvika, lakini alisimama upande wa mama yule na papo hapo akamlaumu kwa jambo mahususi, naye alifanya hivyo kwa umakini kuliko makala mbili nilizokuwa nimezinukuu katika sura yangu ya pili. Sura hiyo nimeifuta na ninaiandika upya, kiunzi cha nadharia nikikiweka baada ya usomaji wa hadithi. Msimamizi amekubali kwa masharti kwamba nieleze sababu, na kwamba nimtaje msimulizi wangu kwa heshima zote anazopewa mwandishi.

Asubuhi, tukinywa chai, nilimsimulia bibi habari za Prometheus tangu mwanzo: ng'ombe, tumbo, mifupa, mafuta, bua, mwamba na tai. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye ini linalokua tena kila usiku ili liliwe tena, alikiweka kikombe chini.

"Na mama yake alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitatafuta, na nimetafuta. Hesiod anamtaja Clymene, binti wa Bahari, kwamba aliwazaa Prometheus na ndugu zake watatu, kisha hamrudii tena, si wakati wa mgawo wa nyama wala wakati wa mnyororo. Katika tamthilia ya Kigiriki inayomwonyesha Prometheus akiwa amefungwa mwambani mama ni mwingine, Themis, naye ndiye aliyempa mwanawe ujuzi wa mambo yatakayokuja, ujuzi ambao Zeus anautaka na hawezi kuupata kwa nguvu. Haonekani jukwaani, lakini anatajwa, na alichompa mwanawe kinabaki naye mpaka mwisho. Nimeyaandika hayo kwenye ukurasa mpya wa daftari, chini ya swali la bibi kama alivyolitamka, na Jumamosi ijayo ninapanda tena Old Moshi kumpelekea.